Shajara ya Unyanyembe: Namna Daftari Dogo Linavyoanzishwa na Kukuzwa

Kilomita chache kutoka mjini Tabora, mahali paitwapo Kwihara, pana tembe lililojengwa upya kwa mfano wa matembe ya karne ya 19. Wanafunzi wengi wa mkoa huu wamepata kupelekwa huko na walimu wao. Huonyeshwa vyumba na kuta zake nene, huambiwa kwamba David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa hapo pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872, kisha hurudi shuleni wakaandika insha iliyo sawasawa na ile ya wenzao wa mwaka uliotangulia. Jambo ambalo aghalabu halitajwi ni kwamba nchi hii ya Unyanyembe imelipa daftari jina lake. Kitabu kikubwa cha kumbukumbu ambacho Livingstone alikiandika tangu mwaka 1866, na ambacho alimkabidhi Stanley kikiwa kimetiwa lakiri walipoagana Machi 1872, chajulikana kwa wataalamu mpaka leo kwa jina la Shajara ya Unyanyembe.

Makala haya hayakuandikwa ili kumsifu Livingstone. Sifa zake na lawama zake zimekwisha andikwa na wengi. Nia yangu ni kueleza jambo dogo zaidi, ambalo mwalimu au mwanafunzi yeyote aweza kulifanya: namna mtu mmoja aanzishavyo daftari lake la kumbukumbu, namna linavyokua na kupata wasomaji, na mambo gani huharibika katika safari hiyo ya kutoka mfukoni mwa mwandishi hadi mikononi mwa watu. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, yatufaa sana kwa somo hili. Wapagazi walipita humo kwa maelfu, Wanyamwezi wakiwa mbele yao wote kwa sifa ya kazi hiyo, nao hawakuacha maandishi. Waliokuwa na madaftari walikuwa wachache mno, na kwa sababu hiyo kila kosa la wachache hao limeingia katika historia yetu.

Tuanze na mwaka 1857. Novemba ya mwaka huo Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, ndilo jina la zamani la makazi ya wafanya biashara Waarabu hapo Tabora. Mwaka uliofuata Speke aliondoka kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa Nyanza. Burton alibaki Kazeh. Wengi humcheka kwa kubaki, maana alikosa heshima ya kuliona ziwa lile. Walakini wakati wenzake wakitembea, yeye aliketi na wafanya biashara, akauliza, akaandika: bei za nguo na shanga, masafa kati ya kituo na kituo, majina ya watemi, maneno ya lugha. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1860 kilijaa dharau kwa watu wa nchi hii, na msomaji wa leo hana budi kukisoma kwa tahadhari. Hata hivyo, mtu atakaye kujua doti ya merikani ilikuwa na thamani gani katika njia hii kabla ya wakoloni bado hukimbilia kurasa hizo. Dharau ya Burton ilikuwa maoni yake. Bei aliziandika siku ile aliyoambiwa.

Hapo pana fundisho la kwanza kwa mwanzishaji wa daftari, nalo ni kwamba maoni na vipimo havina budi kutengwa. Si lazima vikae katika madaftari mawili. Yatosha mwandishi ajue, na msomaji aweze kuona, lipi limepimwa na lipi limefikiriwa. Hebu tutazame kipimo kimoja cha wasafiri hawa wawili. Walipofika ziwa Tanganyika mwaka 1858 walitaka kujua kimo chake juu ya usawa wa bahari. Walitumia njia ya kuchemsha maji. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo kani ya hewa ipunguavyo, na maji huchemka kabla ya kufika digrii 100 za Sentigredi. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita 300 za kupanda hupunguza takriban digrii moja. Tabora ipo kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, kwa hiyo maji ya chai hapa huchemka kwenye digrii 96, wala si 100. Mwalimu wa fizikia aliye na kipimajoto kizuri aweza kuhakikisha hayo katika dakika 10.

Burton na Speke walipata kimo cha takriban futi 1,850, yaani mita 564. Leo twajua kwamba ziwa Tanganyika lipo kwenye mita 773 hivi. Walikosea kwa zaidi ya mita 200. Msomaji ataona ni kosa kubwa, lakini na alihesabu kwa digrii: mita 200 ni kama theluthi mbili za digrii moja. Kipimajoto kilichopungukiwa na usahihi kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho chatosha kulishusha ziwa zima. Kwa kuwa njia waliyoitumia iliandikwa, sisi twaweza kulieleza kosa lao na hata kulikadiria. Lau wangaliandika kimo peke yake, tungebaki kubishana tu. Kwa hiyo mwanafunzi aandikapo kwamba leo asubuhi joto lilikuwa digrii 18, na aandike pia kipimajoto kilikuwa wapi, kivulini au ukutani, na saa ngapi.

Sasa turudi kwa Livingstone, maana kisa chake ndicho kinachotufundisha zaidi.

Shajara ya Unyanyembe haikuwa daftari la kwanza. Alipokuwa njiani aliandika katika vijitabu vidogo vya mfukoni, na alipopata utulivu kambini alinakili katika kitabu kikubwa. Mpango huu wa vitabu viwili ni mzuri, nami ningemshauri kila anayeanza aufuate: kijitabu cha kuchafuliwa kwa jasho na vumbi, na kitabu cha kukaa mezani. Lakini katika nchi ya Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mnamo mwaka 1871, Livingstone aliishiwa na karatasi, akaishiwa na wino. Aliyokuwa nayo ni magazeti ya zamani, kati yake toleo la Novemba 1869 la gazeti la London liitwalo The Standard. Alichukua karatasi hizo akaandika juu ya maandishi yaliyokwisha chapwa, mistari yake ikiikata ile ya chapa. Wino alijitengenezea kwa mbegu za mmea uliotumiwa kutia nguo rangi.

Juu ya karatasi hizo ndipo alipoandika habari za tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, watu wa wafanya biashara walifyatua bunduki katikati ya umati. Mamia ya watu waliuawa kwa risasi au kufa maji, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Livingstone alikuwapo akaona. Habari hiyo ilipofika Uingereza mwaka 1872 ilichochea hasira kubwa, nayo ni moja ya mambo yaliyosukuma mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1874 Horace Waller alichapisha shajara za mwisho za Livingstone, na masimulizi ya Nyangwe yakasomwa kila mahali.

Lakini yaliyosomwa yalikuwa yapi? Yalikuwa maneno ya kitabu kikubwa, yaliyonakiliwa baadaye na kisha kupitiwa na mhariri. Yale ya kwanza, ya juu ya gazeti, hayakusomeka tena. Wino wa mbegu ulikuwa umefifia, na herufi za chapa zilikuwa zikimkodolea macho msomaji. Kwa muda wa karibu miaka 140 hapana aliyeweza kulinganisha.

Mwaka 2010 kikundi cha watafiti kikiongozwa na Adrian Wisnicki kilizipiga picha karatasi hizo kwa njia ya kutumia miale ya aina nyingi, na mwaka 2011 matokeo yakatangazwa. Njia yenyewe si uchawi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuielewa. Nuru tuionayo ni sehemu ndogo tu ya miale iliyopo. Upande mmoja, nje ya rangi ya urujuani, ipo miale ya urujuanimno; upande wa pili, nje ya nyekundu, ipo miale ya infraredi. Macho yetu hayaioni, lakini kamera iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huiona. Kila kitu chenye rangi hunyonya baadhi ya miale na kurudisha mingine. Wino wa chapa ya gazeti una masizi, yaani kaboni, na kaboni hunyonya karibu miale yote, ionekanayo na isiyoonekana. Hubaki nyeusi hata ukiipiga picha kwa infraredi. Wino wa mimea sivyo ulivyo. Katika miale ya buluu na urujuani hunyonya na kuonekana. Katika infraredi huiachia miale ipite, nao hutoweka. Basi hupatikana picha mbili za ukurasa mmoja, moja yenye chapa na mwandiko, nyingine yenye chapa peke yake. Kompyuta huitoa hii katika ile, na kinachobaki ni mwandiko.

Mwandiko huo uliposomwa, ulionekana kutofautiana na kitabu kikubwa katika mambo kadhaa. La kusumbua zaidi lahusu watu wa Livingstone mwenyewe, wale walioajiriwa kumfuata. Katika karatasi za kwanza analalamika vikali juu ya ukatili wao. Katika nakala ya baadaye maneno hayo yamepunguzwa au yameondolewa. Watafiti wameuliza kama aliogopa kwamba watu waliokuwa chini yake walikuwa na sehemu katika mauaji yale. Sitajibu swali hilo hapa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba swali lenyewe lisingeulizwa lau Livingstone angezitupa karatasi za gazeti baada ya kuzinakili. Alizihifadhi. Mtu aliyebadili maneno yake ndiye aliyetuachia ushahidi wa mabadiliko hayo.

Kwa hiyo, mwenye daftari asifute kwa ulimbo wala kung'oa ukurasa. Akikosea na apige mstari mmoja juu ya neno, lisomeke bado, aandike lililo sahihi kando yake na tarehe ya kusahihisha. Na atakapotoa sehemu ya daftari lake ili wengine waisome, basi nakala ya kwanza ibaki kama ilivyo. Najua sheria hii yawachukiza wapenda usafi. Wanafunzi wetu wamefundishwa kwamba daftari safi hupata alama nyingi, na wengi hunakili mazoezi ya sayansi nyumbani usiku ili yapendeze. Katika kunakili huko tarakimu zisizolingana na kitabu cha kiada hurekebishwa kimyakimya. Nimesahihisha madaftari ya namna hiyo chuoni, na dalili yake ni moja: matokeo ni mazuri kupita kiasi.

Juu ya wino na karatasi yafaa tuseme zaidi, kwa maana ni jambo ambalo shule yaweza kulifanyia majaribio bila gharama. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo niliwahi kupoteza vipimo vya wiki tatu kwa sababu niliviandika kwa wino wa maji, na mvua ya huko, isiyojua msimu, ikanikuta uwandani. Tangu hapo huandika kwa penseli. Risasi ya penseli haina madini ya risasi. Ni grafiti, nayo ni kaboni tupu. Haiyeyuki kwa maji, wala jua haliifishi. Udhaifu wake ni kwamba hufutika kwa kusuguliwa.

Mwalimu na atengeneze wino wa aina tatu. Wa kwanza ni wa rosela: maua makavu yachemshwe katika maji kidogo mpaka yatoe rangi nzito. Huu ni ndugu wa wino wa Livingstone, kwa kuwa rangi yake yatoka katika mmea. Wa pili ni wa chuma na tanini. Majani ya chai yachemshwe yawe makali sana, kwani yana tanini nyingi kama yalivyo magamba ya miti mingi ya miombo. Kipande cha stili waya ya kusugulia sufuria kilowekwe katika siki usiku kucha, chombo kikifunikwa bila kukazwa, maana gesi ya haidrojeni hutoka. Vikichanganywa, rangi ya chai hugeuka nyeusi mbele ya macho ya darasa. Wino wa jamii hii ndio uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi. Huendelea kukolea karatasini kwa sababu oksijeni ya hewa hubadili chuma, lakini asidi yake ikizidi huila karatasi. Wa tatu ni wa masizi ya chungu yaliyosagwa pamoja na gundi ya mgunga na maji, wino unaofanana na ule waliouzoea walimu wengi wa vyuo vya Kurani.

Kwa kila wino iandikwe sentensi ileile kwenye kipande cha karatasi. Nusu ya kipande ifunikwe kwa boksi, nusu iachwe wazi, na vyote vibandikwe dirishani pengine jua lipigapo kwa mwezi mzima. Rosela itakuwa ya kwanza kufifia, kwani nuru huvunja molekuli zake, na molekuli iliyovunjika hainyonyi tena miale ileile. Masizi hayatabadilika. Kalamu za kawaida za dukani nazo zitiwe katika jaribio, na matokeo yake huenda yakawashangaza wale waliodhani kitu cha kununua hudumu kuliko cha kutengeneza. Darasa likipenda liongeze jaribio la karatasi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, nayo hugeuka manjano na kukatika upesi juani. Karatasi ya daftari hustahimili zaidi. Hatari kubwa ya mkoani kwetu, lakini, si jua, ni mchwa. Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe na kukaguliwa kila wiki ni kinga nzuri. Na siku hizi, mwenye simu ya mkononi hana udhuru wa kuwa na nakala moja tu: kila Jumamosi na apige picha kurasa za wiki.

Tarehe nayo yahitaji neno lake. Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone yaliweka tukio hilo mwishoni mwa Oktoba. Hawa ni watu wawili wenye kuandika kila siku, waliosimama uso kwa uso, na wanahistoria wangali wanabishana juu ya siku yenyewe. Sababu yaeleweka: wote waliugua homa njiani, na mgonjwa hupoteza hesabu ya siku. Mwanafunzi wa leo ana kalenda, lakini ana kosa jingine la kuandika Jumanne bila tarehe, au tarehe bila mwaka. Baada ya miaka 5 Jumanne hiyo haina maana.

Asiyekuwa na shajara hutegemea kumbukumbu ya kichwa, nayo ina nguvu zake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Ituru karibu na Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akazichapisha miaka ya 1902 na 1903. Ni maandishi yenye uhai mkubwa. Msomaji asikia watu wakisema, wakidai, wakitishana. Lakini tarehe ni chache mno, na wataalamu wamelazimika kuzipanga safari zake kwa kutumia shajara za wengine.

Na tusidhani kwamba shajara za njia hii ziliandikwa na Wazungu peke yao. Livingstone alipofariki Mei 1873 huko kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mmoja wa waliokuwapo alikuwa Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa Nassik, Bara Hindi, baada ya kuokolewa utumwani. Ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu, ndiye aliyechora maandishi mtini, na ndiye aliyeandika barua iliyomfikia Verney Lovett Cameron hapo Kwihara Oktoba 1873 kumpasha habari ya msiba. Msafara ulipokuwa ukileta mwili na karatasi hadi pwani, Wainwright alikuwa akiandika shajara yake mwenyewe. Ilitolewa kwa Kijerumani mwaka 1874. Maneno yake ya Kiingereza, kwa mkono wake, yalikaa bila kuchapishwa mpaka mwaka 2019. Yeye mwenyewe alirudi Afrika, na mwaka 1892 akafariki Urambo, katika mkoa huuhuu wa Tabora. Naona ajabu kwamba wanafunzi wa Urambo walijua zaidi jina la aliyebebwa kuliko la aliyeandika.

Sasa juu ya kukuza daftari na kulipatia wasomaji. Kosa la kawaida ni kuanza na jambo kubwa. Mwalimu atangaza kwamba shule itaandika historia ya wilaya; baada ya wiki mbili daftari liko kabatini. Anayeanza na achague kitu kimoja anachokiona kila siku bila kusafiri. Tabora haina upungufu: maua ya miombo na kuingia kwa nyuki, bei ya asali sokoni, siku ya kupandikiza tumbaku, miembe iliyoachwa na njia ya misafara na mwezi izaapo. Mvua ndiyo rahisi kuliko yote. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa mahali pa wazi mbali na paa na miti, ni kipimo cha kutosha. Kina cha maji ndani yake kwa milimita ndicho kiasi cha mvua, upana wa kopo uwe wowote, na kila milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Maji yapimwe kila siku saa 3 asubuhi. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, na siku ambayo hakuna aliyepima iachwe wazi na sababu itajwe. Vitu hivi viwili si kitu kimoja, na anayevichanganya ameharibu mwaka mzima.

Gilbert White, padri wa kijiji cha Selborne huko Uingereza, alikaa zaidi ya miaka 40 akiandika habari za ndege, mvua na bustani za mahali pamoja tu. Barua zake kwa rafiki wawili waliopenda mambo hayo ndizo zilizokuwa kitabu mwaka 1789, na kitabu hicho hakijaacha kuchapishwa. Tazama idadi ya wasomaji wake wa kwanza: wawili. Walimjibu, walimpinga, walimuuliza maswali, naye akaenda kutazama tena. Kwa daftari changa msomaji mmoja ajibuye ana faida kuliko mia wapitao. Kwa hiyo mwenye daftari na atoe ukurasa mmoja kila mwezi, siku ileile ya mwezi, aubandike kwenye ubao wa shule au mlangoni pa chama cha ushirika, na aache nafasi tupu chini ya ukurasa na penseli iliyofungwa kwa uzi. Mkulima atakayeandika kwamba kwake mvua ile haikufika amekwisha kuwa mtafiti wa pili. Baada ya msimu mmoja yafaa aombwe naye aweke kopo lake.

Ukuaji wa namna hii ni wa polepole, nao unajulikana katika nchi yetu. Gazeti la Kiongozi lilianza hapa Tabora mwaka 1950. Elimu Haina Mwisho, gazeti la vijijini la Mwanza, lilianza mwaka 1974 kwa ajili ya watu waliokuwa wamejifunza kusoma karibuni tu. Yote mawili yalihitaji mitambo na fedha. Daftari la mtu mmoja halihitaji hivyo, lakini lina hatari ambayo gazeti hujikinga nayo kwa kuwa na wahariri: hakuna wa kumwambia mwandishi kwamba amemtaja mtu kwa jambo asilopenda litajwe. Aliyekueleza habari za shamba lake, za deni lake au za ugonjwa wa mtoto wake alikueleza wewe, hakuueleza ubao wa shule. Na aombwe ruhusa kwanza. Akikataa, habari ibaki katika kitabu cha mezani, na jina lisitoke.

Kwa shule za Tabora wakati mzuri wa kuanza ni mwanzoni mwa Oktoba, wiki chache kabla ya mvua za Novemba. Vinavyotakiwa ni daftari la jalada gumu, kijitabu kimoja, penseli mbili, kopo, rula na wanafunzi wawili wa kupokezana, maana mmoja ataugua. Kurasa za kwanza zitakuwa na sifuri tupu kwa siku nyingi. Ziandikwe zote, na kila moja iwe na tarehe yake, mwaka wake na jina la aliyepima.